Fimbo Mpya ya Shangazi na Mstari Uliopinda kwenye Umande

Saa kumi na mbili asubuhi, umande bado mzito kwenye grini, ule uwanja mdogo wa nyasi fupi wanapojifunzia wacheza gofu. Shangazi amesimama katikati, viatu vimelowa, ameilaza fimbo juu ya vidole viwili kama mtu aliyebeba yai.

Uso wa fimbo, upande unaogonga mpira, unatazama mbinguni.

"Hii ni ya mtu anayesukuma mpira kwa mkono ulionyooka," anasema. "Ncha ya kichwa chake ingeshuka chini, ingekuwa ya mtu anayezungusha. Mimi nimenyooka, tangu zamani."

Ni kedi. Amebeba mikoba ya wachezaji, kilo kumi na tano begani, kwa miaka ishirini na miwili, na sasa magoti yamegoma. Jumamosi hii klabu inashindanisha makedi kuingiza mpira shimoni kwa fimbo fupi, papa hapa kwenye grini. Mshindi ataajiriwa kuwafundisha wanaoanza.

"Nikishindwa, ni kurudi nyumbani kukaa. Na kochi mkwe wangu amelishika yeye, mimi nitakaa wapi?"

Fimbo yake ya zamani aliachiwa na mumewe, naye kedi, ambaye waliomjua walimwita Kimya kwa uchache wa maneno yake. Yeye alikuwa wa kuzungusha; fimbo yake ilikwenda na kurudi kama mlango unaofunguliwa na kufungwa. Alianguka hapa hapa kwenye grini miaka miwili iliyopita, asubuhi kama hii, na hakuinuka.

Mwezi uliopita kichwa cha fimbo ile kilichomoka chenyewe, ikiwa imesimama tu kwenye kona ya chumba.

"Nikasikia ko! Nikasema haya, leo umeamua kuongea."

Fundi wa fimbo wa klabu amemwazima tatu achague. Dukani kwake, juu ya zulia, hii inayotazama juu haikukosa hata mara moja. Hapa kwenye nyasi mbichi, mpira unapita kulia kwa shimo. Tena kulia. Fundi amekuja kujionea.

"Labda zulia langu lina huruma," anatania.

"Usitazame mpira, baba. Tazama umande."

Anarudisha fimbo nyuma, anaileta mbele, kichwa cha fimbo kikipangusa ncha za nyasi. Mikono imenyooka kama uzi. Fundi anainama. Mstari ulioachwa kwenye umande umepinda kama mundu.

"Hebu rudia."

Anarudia. Mikono imenyooka. Mstari umepinda.

Fundi anapiga magoti, anapitisha kidole juu ya mstari, anakitoa haraka na kukifuta kwenye suruali, kisha anakifuta tena.

"Shangazi, mikono nimeiona kwa macho yangu. Imenyooka."

"Na umande?"

Fundi anatazama nyuma yake. Hakuna mtu. "Huo ni mkono wa Ki..."

"Usimtaje. Atadhani tunamwita."

Shangazi anachukua fimbo ya mwisho. Akiilaza vidoleni, ncha yake inashuka taratibu, kama kichwa cha mtu anayesinzia. Anasukuma. Mpira unaingia. Wa pili unaingia. Wa tatu unazunguka mdomo wa shimo, unasita, halafu unaingia, kama uliosukumwa kidogo.

Fundi anashusha sauti. "Sikiliza. Jua likikausha nyasi, mkono utakuwa wako tu. Chukua ile iliyonyooka, uombe Jumamosi ucheze na kundi la mchana. Utashinda."

"Nimeshaomba kundi la kwanza, la alfajiri."

"Kwa nini ujitie kwenye mambo haya?"

"Mchana nitacheza peke yangu. Na mimi peke yangu, mwanangu, sijawahi kushinda hata bahati nasibu."

Akipata kazi, anasema, atafundisha alfajiri tu, kabla umande haujakauka. "Klabu itapata walimu wawili kwa mshahara mmoja. Watalalamika nini?"

Fundi hacheki. Anatoa kipimo chake, anakisimamisha kando ya fimbo aliyoichagua Shangazi.

"Hii ni ndefu kwako vidole vinne. Niikate?"

Shangazi anaitazama sehemu ya mpini iliyobaki juu ya mikono yake, tupu, yenye unyevu ambao yeye hajaugusa.

"Iache," anasema. "Naye ashike wapi?"