Bernadette na Leki ya Kwao

Kule Oldham, mji wa wafanyakazi kaskazini mwa Uingereza, alikokulia Bernadette Hallam, umeme ulikuwa leki. Leki imekatika, kimbia dukani ukaongeze leki. Televisheni ilikuwa teli, choo kilikuwa bogi, na hakuna aliyekodoa macho. Kisha akaolewa na Piers, wakahamia kwa mama mkwe huko Cheltenham, kusini kwa watu wa hadhi, kwa muda tu, wakitafuta nyumba. Huo muda tu umeshaota mvi.

Bi Rosalind hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa nafuu, maana mkali unaweza kumjibu. Bernadette akitaja leki, mkwe alitabasamu tu: "Umeme, mpenzi?" Na mtu akikutabasamia hivyo kila siku unaanza kuuogopa mdomo wako mwenyewe.

Siku moja walikuja wageni wa chai. Mmoja akauliza pa kujisaidia. Bernadette akajikaza, akalimeza bogi lake, akasema kwa adabu zote: "Toileti iko juu, mkono wa kulia." Wageni wakatazamana juu ya vikombe. Maskini, hakujua kwamba watu wale husema luu, na kwamba toileti kwao ni neno la mtu anayejitutumua.

"Bora ungesema bogi," Piers alimwambia walipobaki wawili. "Angalau tungecheka."

"Na wewe ulikuwa wapi? Si ungesema neno?"

"Aa, Bernie, usikuze mambo."

Basi akawa mtu wa kunyamaza. Mezani alipima kila neno, na mengi aliyarudisha tumboni pamoja na viazi. Kilichomshika asichanganyikiwe ni simu za Stan, baba yake. Simu ikilia, alijifungia bafuni, akafungulia bomba asisikike, akijipa moyo kwamba humo ndani, walau humo, yeye bado ni wa kwao.

Asubuhi moja Stan alipiga akicheka mwenyewe. "Leki imekwenda tena, mwanangu! Teli kimya, birika limenuna, hata chai sijanywa!"

"Pole, baba. Umeme umekatika tangu saa ngapi?"

Kicheko cha Stan kikakatika. Sauti yake ikawa ya chini, yenye heshima, sauti anayoongea nayo na daktari.

"Samahani, mama. Sikujua uko na watu. Nitapiga siku nyingine."

"Baba, niko peke yangu," Bernadette akasema. "Baba?"

Stan alikuwa ameshakata.