Midomo Myekundu Vizimbani

Hilaria Chambilla hakuwa mtu wa kutulia hata siku za heri. Akikaa, mguu unacheza. Akisimama, mikono inatafuta kazi. Marehemu mumewe alikuwa akisema ameoa cherehani. Lakini Jumatano ile alizidi. Jua halijapanda sawasawa, tayari alikuwa amevizunguka vizimba vyake vinne vya samaki mara sita kwa mtumbwi, na kila akimaliza mzunguko alianza mwingine.

Trauti, samaki aliowafuga humo, walikuwa hawali. Chakula kilielea, kikalowa, kikazama. Baadhi yao walikuwa wamejitenga pembeni mwa wavu, weusi tii, macho yamewatoka. Alimchota mmoja akamfunua mdomo. Ndani kulikuwa kwekundu kana kwamba amekunywa damu. Jana yake alikuwa amemwona wa namna hiyo, akajidanganya kwamba amejikwaruza tu. Leo wafu walikuwa kumi na saba, na uongo wa kujidanganya ulikuwa umemwishia.

Ugonjwa wenyewe aliujua. Mwaka juzi daktari wa mifugo alikuja kutoka Puno na viatu vyake vya mjini, akatufundisha ukumbini. "Ni bakteria, hamtamwona kwa macho. Anasafiri kwa maji, kwa samaki, kwa mikono, kwa chombo chochote kilicholowa. Kila mtu abaki na wavu wake kwenye vizimba vyake. Na ukiutumia, uloweke kwenye dawa, uanike juani." Tuliitikia vizuri sana, tukala mkate wa bure, tukarudi kwenye ayni yetu kama kawaida.

Tungeachaje? Leo mnakuja kwangu kunichagulia samaki, wakubwa huku, wadogo kule, kila mtu na wavu wake wa kuchotea. Wiki ijayo nakuja kwako na wangu. Hiyo ndiyo ayni, na halipwi mtu. Kumwambia jirani auache wavu wake nyumbani ni kumwambia usoni kwamba ni mchafu. Nani ana uso wa kusema hivyo?

Na Jumatano hiyo ilikuwa zamu ya Basilia Ticona. Basilia ndiye aliyesimamia ubatizo wa binti yake Hilaria, ndiyo maana waliitana komadre. Mwezi uliopita, samaki wakiwa bado wazima, alimfanyia Hilaria kazi kutwa nzima. Sasa Hilaria akienda, anampelekea ugonjwa. Asipoenda, ni aibu ya kijiji kizima. Na akisema ukweli, kabla ya mchana wachuuzi wote watakuwa wamesikia, na hakuna atakayegusa samaki wa ghuba yetu. Trauti hao ndio waliokuwa wanamsomesha binti yake uuguzi.

Akachagua uongo.

"Mama, nina homa. Siendi kwa Basilia."

Mama Tomasa, mama yake mzazi, alikuwa amekaa mlangoni anatumbua karachi, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa letu. Hata macho hakuinua. "Mwenye homa hulala. Wewe mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Ni tumbo, mama."

"Ilikuwa homa, sasa tumbo. Ngoja kidogo litakuwa jino." Kisha akamnyooshea karachi mmoja. "Hebu tazama huyu."

Ubavuni mwa samaki kulikuwa na kidonda chekundu, duara, kibichi.

"Karachi hawakuwa hivi," mama alisema. "Hao wageni wenu mnawalisha nini?" Kwake trauti walikuwa wageni bado, ingawa waliletwa ziwani kabla yeye hajajua kutembea.

Hilaria alimkumbuka yule wa jana. Alipokufa alimtupa majini, kama tunavyofanya sote, tukisema ziwa litakula chake. Hakuweza kuapa kwamba kidonda kile ni cha ugonjwa uleule, lakini wengine hakuwatupa. Alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba kuchimba shimo, awafukie wale kumi na saba kwa chokaa. Alichimba, akaacha, akaenda kuwatazama samaki, akarudi, akachimba.

Alipomaliza akaona msumari ukutani hauna kitu. Wavu wake haupo. Mama hayupo. Mtumbwi mdogo haupo.

Alielewa palepale. Kwetu asiyeweza kwenda kwenye ayni hutuma chombo chake, na chombo kikifanya kazi ni kama mwenyewe amefika. Mama yake alikuwa amekwenda kumsitiri.

Aliuchukua mtumbwi mkubwa, akapiga kasia mpaka pumzi zikamwishia. Kwa Basilia watu sita walikuwa kazini, na Basilia mwenyewe alikuwa kwenye kizimba cha tatu, ameushika wavu wa Hilaria.

"Komadre!" Basilia alipaza sauti. "Mama amesema tumbo limekulaza. Kumbe tumbo lenyewe lina nguvu za kupiga kasia!"

Watu wakaangua kicheko.

"Utoe wavu majini," Hilaria alisema.

"Pumzika kwanza, mwanamke."

"Utoe, Basilia! Samaki wangu wanaumwa. Wana midomo myekundu."

Kicheko kikakatika. Basilia aliuinua wavu polepole, maji yakichuruzika kizimbani. "Tangu lini?"

"Leo." Hilaria akausogeza mtumbwi karibu. "Tangu jana."

"Jana alasiri ulikuja kwangu kuomba chumvi. Ulikaa, ukanywa chai, tukacheka. Hukusema."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mimi?"

Wale wengine walikusanya nyavu zao, wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu akikimbilia vizimba vyake. Mama Tomasa alibaki mtumbwini mwake. "Mimi nilitaka tu asiaibike," alisema.

Siku ya tisa samaki wa Basilia wakawa wekundu mdomoni. Daktari alikuja, akaleta dawa ya kuchanganya na chakula. Alisema huenda ni wavu, huenda ni maji tu, ghuba ni moja. Hilaria aling'ang'ania lile "huenda" siku mbili nzima. Kisha akaona Basilia hakulitaka, naye akaliacha.

Siku ya kazi aliyokuwa anadaiwa na Basilia ilikuwa bado. Akaenda. Hakubeba wavu, na buti alizisugua kwa dawa mpaka mikono ikamwasha. Alibeba kiroba cha viazi, kwa sababu huku kwetu anayerudisha ayni huongeza kidogo juu yake, ili mwenzake naye abaki na la kurudisha. Hivyo ndivyo watu wanavyobaki watu wa nyumba moja.

Toka asubuhi hadi mchana walitoa mizoga, wakaijaza magunia. Basilia alisema "shika hapa" na "vuta", basi. Mchana alitandaza kitambaa chenye viazi vya kuchemsha na jibini, akamgawia Hilaria fungu lake, kamili.

Hilaria hakusubiri kumaliza kutafuna. "Komadre, bado vizimba viwili. Kesho nitawahi, kabla ya..."

"Kesho usije."

"Basi keshokutwa."

"Hapana." Basilia alijifuta mikono kwenye sketi, akakiinua kile kiroba cha viazi, akamwekea mtumbwini mwake. "Siku yako umenirudishia, na chakula umekula. Nenda, Hilaria. Hunidai, sikudai."