Jezi ya Timu Moja

Mzee mmoja alikuja mkahawani kwangu kuniuzia jezi yake ya besiboli niitundike ukutani, akataja bei ya kununulia ng'ombe mzima. "Miaka kumi na tisa, timu moja tu! Mji huu wote wa San Pedro utampata wapi mwingine?" Alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kumpa mrushaji ishara za vidole. Mpaka leo huagiza hivyo hivyo, vidole vyake vilivyopinda akivificha katikati ya magoti: kimoja kahawa, viwili mangú ya ndizi za kuponda, ili watu wa meza ya jirani wasimwibie siri. Mke wangu Eduvigis humletea chochote kilichopo.

"Sasa mzee," nikamuuliza, "timu ngapi zilikutaka ukazikataa?"

Akatazama mlangoni, akashusha mkono chini ya meza, akakunja ngumi.

"Hata moja?"

"Punguza sauti, wewe!"

Nikataja robo ya bei yake, akakubali kabla sijamaliza. Siku hizi hukaa chini ya jezi hiyo akiwahadithia wageni jinsi alivyozikataa timu tano, nao humwamini na kuagiza tena. Mimi nanyamaza. Hiyo ndiyo robo tatu iliyobaki, na ninailipa kila mchana.