Jina Langu na Kazi Iliyokufa Saa Nne

Miaka mitatu sijamsamehe Sylvester, bosi wa kompyuta wa chama chetu cha ushirika. Mbele ya foleni nzima ya mbegu za pamba, kijiji kizima cha Sapiwi, huku Bariadi, kinasikia, alinambia: "Mayu Nyanjige, mama yangu, jina lako halipo. Umezeeka, umesahau kujiandikisha." Mimi! Mimi ninayemjua kila ng'ombe wa marehemu mume wangu kwa rangi na kwa tabia!

Mwaka wa pili, halipo. Wa tatu, halipo. Na la jirani yangu Ngassa halipo, la Salu halipo, la Violeth halipo. Wakina Bujiku na Jilala wanabeba mbegu zao, wanatucheka.

Sasa mjukuu wangu Milembe. Huyo tangu mdogo ukimtuma kuni anarudi na swali. Akasomea kompyuta, mwaka huu akaajiriwa palepale chamani kwetu, chini ya huyohuyo Sylvester. Nikamwambia, "Mshahara wako kula mwenyewe. Mimi nitafutie jina langu."

Jumamosi akaja, anacheka mpaka anashika mlango. "Bibi, jina lipo! Siku ya mbegu kuna kazi kompyuta imepangiwa saa tatu asubuhi, inachapa orodha, A mpaka Z. Wameiweka ndani ya seva yao ya Java, ile programu kubwa inayohudumia chama kizima. Saa nne seva inakuwa nzito, Sylvester anaizima, anaiwasha. Kazi inakufa humohumo, imefika M."

"Yaani mimi nachemsha maharage ndani, mtu anabomoa nyumba?"

"Hivyohivyo! Nataka jiko nilihamishie nje, kazi ijiendeshe peke yake."

Sylvester alipoambiwa akavimba. "Binti, hapa umenikuta."

"Nimekukuta, bosi. Orodha ikifika Z, utambebea bibi mfuko wake kichwani?"

"Nitabeba hata na bibi mwenyewe!"

Siku ya mbegu, saa nne, Sylvester akazima seva yake kama kawaida. Printa haikujali; Milembe alishalihamisha jiko. Karatasi zinatoka tu, Milembe anasoma kwa sauti: Ngassa! Nyanjige! Salu! Violeth! Nikapiga kigelegele, nikacheza mpaka kanga ikadondoka. Salu akaiokota, naye akaanza kucheza nayo.

Sylvester akaja ameinama. "Mayu, samahani. Ulikuwa umejiandikisha."

"Sema kwa nguvu, baba. Nimezeeka, sisikii."

Akasema tena, foleni ikalipuka kwa kicheko. Nikamtwika mfuko mimi mwenyewe, nikatangulia mbele nikicheza, yeye nyuma, mpaka nyumbani.