Kilindo cha Loisi

Babu yangu Matonya alikuwa fundi wa vinu, na alikuwa na mdomo. Ukipita Msalato ukamkuta anachonga, hukuachiwa uende zako mpaka umekigonga kinu, umesikia kinavyolia, na umekubali kwamba Ugogo nzima hakuna kama hicho. Mama yangu Ruthu, ambaye ni binti yake, anasema hata mbuzi wakisimama karibu aliwasimulia. Zana zake zilikuwa tezo mbili, shoka dogo, na patasi ya mpini mrefu ya kuchimbia tumbo la kinu. Alifuliwa zote na mhunzi mmoja wa Kondoa ambaye alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo zikipotea hakuna wa kumfulia nyingine.

Mkewe, bibi Loisi, alikuwa mtu wa maneno machache. Nadhani naye angependa kusema, ila katika nyumba ile nafasi haikupatikana.

Mwaka ule reli ya Wajerumani ilipokuwa inakaribia Dodoma, habari zilitangulia kufika: askari wanapita kijiji kwa kijiji wakitafuta watu wanaojua kazi ya mbao. Ukikutwa na zana, umekwenda nazo. Waliochukuliwa hawakurudi upesi, na wengine hawakurudi kabisa. Wenye akili walinyamaza. Babu aliposikia askari wako kwa jirani, alitoa kigoda akakaa mlangoni kuwangoja.

"Mimi ndiye fundi Matonya," aliwaambia kabla hawajauliza.

"Zana ziko wapi?"

Akaingia ndani kuzichukua, hakuziona. Akapekua dari ya tembe, akainua ngozi za kulalia, akatoa vyungu nje kimoja kimoja huku akitukana. Askari walimtazama mpaka wakachoka, kisha wakaanza kucheka. "Huyu ni fundi wa maneno," mmoja akasema, wakaenda zao.

Mtu mwingine angeshukuru. Babu alilia kama amefiwa. Alimshuku Msafiri, mpagazi aliyelala kwao siku chache nyuma akielekea Tabora, na tangu hapo jina la Msafiri likawa tusi nyumbani. Bibi alimsikiliza, akampakulia ugali. Reli ikafika Dodoma, ikaendelea hadi Tabora, ikaendelea mbele zaidi, na watu wakazidi kuchukuliwa. Babu akawa anaazima tezo ya jirani na kuchonga miko na mipini ya majembe. Vinu aliacha.

"Mkono wangu umeibwa," alikuwa akimwambia bibi.

"Pole, baba Ruthu," bibi alijibu.

Kisha bibi akashikwa na homa, na haikumpa nafasi. Katika yote aliyoyasema akiweweseka, neno lililoeleweka lilikuwa moja: "Kilindo changu akifungue Ruthu."

Kilindo ni lile pipa la gome la mti tunalowekea nafaka. Kwetu mwanamume hatii mkono kwenye kilindo cha mkewe. Hata akiwa na njaa, anaomba apakuliwe. Basi baada ya maziko mama alikwenda kukifungua, kama alivyoagizwa, na babu akasimama mbele yake.

"Baba, mama mwenyewe alisema."

"Nilimsikia. Ukikifungua tutakula kilichomo, na kikiisha, na yeye atakuwa ameisha."

Mama akarudi kwa mumewe Hombolo. Mavuno yakapita, akaja tena, akakataliwa tena. Nafaka mpya babu aliiweka kwa shemeji yake. Mchana alikaa chini ndani ya tembe, mgongo ameuegemeza kwenye kilindo. Alikuwa akianza kusimulia jambo, anafika katikati, anaacha. Vinu vyote vile, majivuno yote yale, kumbe msikilizaji wake alikuwa mmoja. Alimtamani mkewe mpaka akakonda.

Mvua za mwaka wa vita vya Wajerumani na Waingereza zilidanganya. Watu walipanda, jua likakausha, na mvua iliporudi babu hakuwa na mbegu wala shemeji hakuwa nayo. Mama akaja mara ya tatu.

"Mbegu ya mama imo humu," alisema. "Ukiiacha mwaka mwingine, hakuna kitakachoota. Unataka na hii ife?"

Babu akauondoa mgongo kwenye kilindo. "Fungua," akasema.

Mama akachota uwele, akajaza ungo, akajaza mwingine. Alipofika chini, mkono wake ukagusa ngozi ya mbuzi iliyofungwa kwa kamba. Akaitoa akampa baba yake. Babu akaifungua mapajani: tezo mbili, shoka dogo, patasi ya mpini mrefu.

Ngozi ilinuka mafuta ya nyonyo. Yale ya zamani yalikuwa yameganda meusi, juu yake mengine, na juu yake mengine tena. Chuma kilikuwa kizima, isipokuwa kutu nyembamba kwenye makali, ambayo babu aliifuta kwa kidole gumba.

Hapo akakumbuka. Kila msimu, kabla ya kujaza nafaka mpya, bibi aliwatoa watu wote nje akabaki ndani peke yake, eti anafagia kilindo. Alipotoka alinuka nyonyo, na babu alimtania: "Mama Ruthu, umejipaka hivyo, ngoma inachezwa wapi?" Bibi alicheka tu.

"Kutu hii ni ya tangu alipokufa," babu alisema. Kisha akakasirika, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. "Angeniambia! Miaka yote hiyo, mimi si mumewe?"

"Angekuambia, baba, ungewaambia askari."

Babu akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na mama akaenda kupanda mbegu ili amwachie nafasi.

Uwele ukaota. Babu akakata gogo la mninga, akawa anakwenda kulichongea porini, na jioni anarudisha zana kwenye kilindo. Kinu kilikuwa karibu kuisha askari walipokuja tena, safari hii kwa ajili ya vita. Mama alikuwapo, anapepeta.

"Tumeambiwa hapa kuna fundi," walisema.

Mama anasema aliacha kupepeta. Alimjua baba yake.

"Alikuwapo," babu alijibu. "Zana zake ziliibwa zamani. Sasa ni mzee, anakaa tu."

Wakamtazama, wakatazama ndani, wakaondoka. Babu aliwasindikiza kwa macho mpaka wakapotelea kwenye miiba. Kisha akaingia ndani, akaweka kiganja juu ya kilindo.

"Umenisikia, Loisi?" alisema. "Leo nimenyamaza."

Akasimama pale kitambo, kama anayengoja kuitwa baba Ruthu.