Mgongo wa Kola Mbele ya Kamati

Tulieni! Wafanyakazi wote wa karakana ya sare za shule, wakata vitambaa, wapiga pasi, watia vifungo na wale mnaojificha chooni mpaka kengele ya chai, mnajulishwa kwa heshima na taadhima kwamba mgongo wa mwenzenu umeteuliwa. Haukuomba wala haukugombea. Kamati ya Migongo imekaa vikao vitatu, imekunywa chai mara tatu, na imeridhika kwamba katika migongo yote inayolia humu ndani, hakuna unaolia vizuri kuliko huo. Tafadhali simameni kwa heshima. Msioweza kusimama, tunajua sababu. Kaeni.

Ndivyo alivyosoma Msimamizi, karatasi ikiwa imeshikwa kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Mwenye mgongo akainua uso kutoka kwenye kola yake ya mia na kumi siku hiyo, akasema "Ala!", akarudi kushona.

Walimwita Kola kwa kuwa hakushona kitu kingine. Jirani yake wa kushoto alishona mikono, wa kulia mifuko, na yeye kola, miaka kumi na tisa, kola juu ya kola, bila kujua shati lenyewe liliishia wapi. Mapacha wake walipokuwa wadogo waliwahi kumwomba awashonee mashati. Akawaambia, "Shingo nitawapa. Kiwiliwili katafuteni kwingine."

Alikuwa mrefu wa kuulizwa kama huko juu kunanyesha. Kigoda chake kilikuwa kifupi, na kilikuwa karibu mno na meza, kwa sababu kilipangwa kwa ajili ya fundi aliyemtangulia, mama mmoja mfupi aliyestaafu akiwa mzima kama kigongo. Kukisogeza? Hapo ndipo penye kisa. Mwaka mmoja alikuja mgeni wa heshima, akatupa jicho kwenye safu za cherehani, akasema, "Zimenyooka." Basi, neno la adabu tu, kama mtu anavyosifu chai ya mwenyeji huku akitafuta pa kuimwaga. Lakini Msimamizi lilimwingia kichwani. Kesho yake alipiga mstari wa chaki sakafuni, akapanga vigoda vyote juu yake, na kila kimoja akakipigilia misumari minne. Nyundo akaifungia kwenye kabati la vioo ofisini, kando ya cheti cha unadhifu.

Kola alipofika, wiki yake ya kwanza, alithubutu kusema, "Mkuu, hiki kigoda na magoti yangu havielewani."

"Mstari ukipinda, sare zitapinda," alijibiwa. "Sare zikipinda, watoto watapinda. Unataka kulipinda taifa, wewe?"

Hakutaka kulipinda taifa. Akajipinda yeye.

Na hakuuliza tena, kwa sababu cherehani yake, namba kumi na nne, ilikuwa chini ya dirisha. Karakana nzima ilikuwa na dirisha moja linalofunguka. Upepo ukiingia humo saa nane mchana, wenzake walimtazama kama wanavyotazamwa watu waliooa vizuri. Aliyeshindwa kukaa alipelekwa chumba cha nyuzi, kule nyuma, kisicho na dirisha, akakate ncha za nyuzi kwenye mishono ya wengine chini ya taa inayonguruma. Wanne walikuwa wamekwenda huko. Walikuwa hai, tena waliitikia salamu, lakini walizungumziwa kwa sauti ya chini, kama marehemu.

Kazi ya Kamati ilikuwa hii: karakana itawalipia mafundi tiba moja ya mgongo. Ipi? Ya zahanati, ambako binti mmoja mtaalamu hufundisha mazoezi, au ya mtu maarufu mtaa wa pili, ambaye huunyonga uti wa mgongo mpaka ulie *ko*? Kola angefanya ya kwanza wiki sita, kisha ya pili wiki sita. Kila asubuhi kengele ikilia, asimame, anyooshe vidole vya maumivu, kumi ikiwa ni maumivu ya kufa, na karani aandike.

"Kwa nini mtu mmoja?" karani aliuliza.

"Tukichukua wawili watapingana," alisema Msimamizi. Kisha akamgeukia Kola. "Ila vikizidi vinane, ndugu yangu, hutufai kwenye mstari. Chumba cha nyuzi kina nafasi."

Nyumbani nako hakukuwa na pa kupumulia, maana yule mnyonga migongo maarufu alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, tumbo moja.

"Baba Mapacha, nisikilize," alisema mkewe akichambua mchele. "Yule ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Lakini mwaka juzi alininyoosha shingo, nikatazama kushoto wiki nzima. Jirani wa kulia akadhani nimemnunia. Wewe fanya mazoezi."

"Nikimkataa atasema nimeudharau ukoo wenu."

"Atasema. Na ukimkubali, utakaponiomba nikufunge viatu, usinitafute."

Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi mwenyewe hakuwa na mgongo unaouma.

Wiki sita za kwanza Kola alilala juu ya mkeka wa zahanati, akitazama dari.

"Mzee, kunja magoti. Inua nyonga. Shikilia, hesabu kumi. Shusha polepole," alisema binti wa mazoezi.

"Mwanangu, nyonga hii imeshainuliwa na shida za kutosha."

"Basi inajua njia. Tena!"

Mazoezi yalikuwa ya kuchosha, na yalikuwa hayana sifa. Hakuna kilicholia, hakuna aliyepiga kelele ya muujiza. Alipiga magoti na viganja chini, akanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, akatetemeka kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Lakini vidole vilishuka: vinane, saba, mwezi ukapita, sita, halafu vitano. Pale karakana, ambako mafundi walikuwa wamegawanyika kuhusu tiba hizo mbili, kundi la wapenda mazoezi likampigia makofi. Kundi la wapenda kunyongwa likasema anajikaza.

"Sasa nikirudi kukaa?" alimuuliza binti wiki ya mwisho.

"Kwani unakaaje? Nionyeshe."

Akatafuta sanduku fupi, akakaa kama anavyokaa: magoti karibu na masikio, mgongo kama ndoano. Binti alimtazama kama mtu aliyedeki maji siku nzima ndipo akaona bomba linavuja. Akachukua fomu ya Kamati. Ilikuwa na nafasi ya kuandika tarakimu tu, kwa hiyo akaandika pembeni, kwa herufi kubwa: KITI KIBADILISHWE.

Karani alipoipokea, akaona pembeni pamezidi upana wa faili. Akachukua mkasi wa kukatia vitambaa, akaisawazisha vizuri sana.

Kabla zamu ya shemeji haijaanza, mota kubwa ya umeme iliungua, karakana ikafungwa siku nane. Kola hakufanya zoezi hata moja wala hakunyongwa. Alitembea, akalala, akasimama uani akinywa chai kwa wima. Siku ya kurudi kengele ilipolia, alinyoosha kidole kimoja. Vichwa vikageuka. Hata wa mifuko aliacha kushona.

"Futa," Msimamizi alimwambia karani. "Wiki hiyo haikuwa na tiba yoyote. Hayo si matokeo, huo ni utoro."

Ikaja zamu ya pili. Kila Jumamosi Kola alijilaza kifudifudi kwenye kitanda cha shemeji yake, chumba kikinuka mafuta ya kuchulia.

"Mazoezi, shemeji? Mtu mzima unarushwa-rushwa kama mwanafunzi aliyechelewa gwaride? Pumua. Toa pumzi." *Ko!* "Umesikia? Hilo ni gonjwa linatoka."

"Mimi nimesikia mshono wa shati."

"Shati halina mfupa, shemeji. Simama uone."

Akasimama. Na kweli, wacha tusimnyime mtu haki yake, Kola alitoka mle ndani mwepesi. Jumatatu vidole vilikuwa vitatu, wapenda kunyongwa wakapiga vigelegele. Jumatano vitano. Ijumaa saba. Jumamosi *ko*, Jumatatu vitatu, na gurudumu likazunguka hivyo wiki hadi wiki.

Jumamosi ya tano shemeji alisimamisha mikono katikati ya mgongo. "Hebu niambie. Mimi nakunyoosha, Jumamosi unarudi umejikunja vile vile. Nani anakukunja?"

"Kazi."

"Unashona kola au unaokota sindano?"

"Kigoda, shemeji. Kimepigiliwa misumari."

Mnyonga migongo akaiondoa mikono mgongoni. Akafuta mafuta mikononi. "Usiwaambie," alisema. "Wakijua ni kigoda, mimi na yule binti wa zahanati tutakula nini?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akampigapiga bega kama mtu anayesindikiza jeneza.

Wiki ya mwisho Kola alikaa namba kumi na nne akiijua misumari yote minne kwa kisigino: miwili ya mbele na mmoja wa nyuma imelala, wa nne umechomoza kichwa. Akinyoosha vidole vingi, chumba cha nyuzi. Akinyoosha vichache, watasema amepona, na aliyepona hukaa. Upepo uliingia dirishani, ukampuliza shingoni, mtamu, na akaona kwamba ni upepo huo uliomfunga pale miaka yote, na misumari ilisaidia tu. Ijumaa ya mwisho maumivu yalikuwa tisa yasiyo na ubishi, yakishuka mpaka nyuma ya paja. Kengele ikalia. Akasimama kwa awamu tatu, akanyoosha vidole saba.

Jioni hiyo wakaitwa wote. Msimamizi akavaa tai.

"Ndugu wafanyakazi! Baada ya wiki kumi na mbili za utafiti usio na mfano, Kamati imejumlisha na kugawanya. Mazoezi, mwishoni, vidole vitano. Kunyongwa, kwa wastani wa wiki, vidole vitano. Tiba zote mbili zimeshinda!"

Makundi yote mawili yakashangilia, kila moja likililaumu jingine kwa kushangilia.

"Na kwa kuwa hatuwezi kuchagua kati ya washindi," aliendelea, "utafiti utarudiwa. Wiki kumi na mbili nyingine, kwa mgongo uleule! Tena, kwa heshima ya mwenzetu, cherehani namba kumi na nne haitaguswa na mtu. Kigoda hicho sasa ni kigoda cha kumbukumbu. Kitaongezewa misumari miwili."

Alikuwa amekuja na nyundo kabisa. Aliitoa mfukoni, ikang'aa, maana ilikuwa haijafanya kazi miaka mingi. Makofi yakapigwa. Mke wa Kola, aliyealikwa kama familia ya mgongo, alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Binti wa zahanati na shemeji walikuwa wamekaa benchi moja kwa mara ya kwanza, wote wawili wakitazama sakafu.

"Mheshimiwa mgongo!" alisema Msimamizi, machozi ya fahari yakimlenga. "Neno moja kwa wenzako. Kwa uzoefu wako, ni kitu gani hasa kitakachoinua migongo ya karakana hii?"

Kola aliliangalia dirisha lake. Lilikuwa wazi. Alikiangalia kigoda. Akanyoosha mkono.

"Hiyo nyundo," alisema. "Nipe."