Clifford Matopeni

Noeline Prewett, mjane wa mkata manyoya ya kondoo, aliwadharau watu wengi, lakini dharau iliyoiva alimwekea Clifford Garbutt, mwenyekiti wa chama chao cha watazama ndege. Clifford hakutazama ndege. Aliwavamia kwa kamera, kisha akajigamba.

Jumamosi moja ya Novemba wanachama walikaa kwenye tuta la mchanga, pale mto Manawatū unapoingia baharini, wakila pai za nyama huku maji yakijaa. Ndege waliovuka bahari nzima kutoka Alaska walikuwa wamebanana kwenye fungu la mwisho lililobaki kavu, wamesinzia wakisimama kwa mguu mmoja.

"Nasogea kidogo tu," Clifford akasema.

"Juzi ulisogea kidogo, wakaruka wote."

"Hawa ndege wananijua, Noeline."

"Wanakujua sana. Ndiyo maana wanakukimbia."

Akaenda akitambaa kama kenge. Kundi zima likaruka, likazunguka juu ya maji bila pa kutua. Clifford alipotaka kusimama, tope lilikuwa limemmeza hadi mapajani.

"Nimekwama! Jamani, maji!"

Wenzake wakasimama na pai zao mkononi, wakitazamana. Noeline akasonya, akaokota ubao uliotupwa na bahari, akaulaza juu ya tope na kuutambalia.

"Tupa kamera, shika ubao."

"Siwezi kuitupa!"

"Basi kufa nayo. Picha itapendeza."

Maji yalipomfika kifuani aliitupa. Noeline akamshika ukosi, akamvuta kama marehemu mumewe alivyovuta kondoo mkaidi. Clifford alitoka bila mabuti, bila suruali, akilia.

Baadaye, wakinywa chai ambayo Noeline huwaletea kwenye chupa, Clifford akawaambia watu, "Tulisaidiana vizuri, mimi na Noeline."

"Tulisaidiana? Mimi nilivuta, wewe ulilia."

Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Nyumbani Noeline alifungua kopo la maharage, akaliacha mezani bila kula. Hakumwonea Clifford huruma. Alijikasirikia kwamba aliogopa kwa ajili ya mtu kama yule.

Mwezi uliofuata chama kilimchagua Clifford tena. Mikono ya wengine wote ikapanda, hata wa yule aliyecheka. Noeline akavaa koti.

"Unakwenda wapi?" wakamwuliza.

"Kwa wale ndege wa tutani. Wao wakiona hatari huruka."

Tangu hapo alikwenda tutani peke yake. Ndege walimtosha. Ila chai aliyozoea kuwamiminia wenzake ilibaki nyingi kwenye chupa, na hilo lilimkera kuliko alivyotaka kukiri.